Mfarishi wa Mtoto Kabla ya Arobaini

Mwezi huu twataka kueleza habari ya kazi moja ya mikono, nayo ni kushona mfarishi wa viraka ili uwe zawadi. Mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye matabaka matatu. Juu ni vipande vya nguo vilivyounganishwa, katikati ni kitu cha kutunza joto, na chini ni bitana. Na matabaka hayo hushikwa kwa uzi yasiachane. Siku hizi wengi huita kila kitu cha kujifunika blanketi, nasi twasikitika kidogo, maana lugha yetu ilikuwa na neno lake kwa kitu hiki tangu zamani.

Kazi hii ingekuwa rahisi kama tungekuwa na miezi sita. Lakini zawadi nyingi zina siku yake, nayo siku hiyo haimngoji mshonaji. Katika nchi yetu ya Tanga, pwani na milimani, mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku 40, akitunzwa na mama yake, au mkwewe, au shangazi. Arobaini ikitimia hutoka na mtoto wake, na jamaa na majirani huja kumtazama, kila mtu na zawadi yake. Habari ya kuzaliwa hufika kwa simu siku ile ile, lakini mtu hakai akaanza kushona siku ile ile. Wiki ya kwanza hufurahi na kufikiri. Wiki ya pili hutafuta nguo. Wiki ya tatu huuliza jina la mtoto na kushauriana na wifi zake. Mwisho huona zimebaki siku 21 tu, wala hajakata kipande hata kimoja. Basi somo hili ni la mtu huyo.

Huenda mtu atauliza, Kwa nini tusinunue kitu dukani? Akinunua si kosa. Lakini yafaa tukumbuke kwamba mama wa mtoto wa kwanza, kwa desturi, mara nyingi hurudi kwao kujifungua, na kwao huenda ni milimani. Lushoto iko kadiri ya mita 1,400 juu ya bahari, na miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati wa kipupwe, baridi yake ya usiku si mchezo kwa mtu aliyetoka Tanga mjini. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima, na aliyezaliwa kabla ya miezi yake hupoteza upesi zaidi. Wauguzi hufundisha kwamba mtoto mdogo namna hiyo awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe wote wawili. Kwa hiyo hatuufikirii mfarishi wa kitandani tu, bali nguo inayotosha kuzunguka mabega ya mama na mgongo wa mtoto, uso wa mtoto ukiwa wazi. Ikichelewa miezi mitatu, baridi itakuwa imekwisha kupita.

Tuanze na kipimo. Kata karatasi ngumu yenye pembe nne, sentimita 22 kila upande. Hiyo ni kama shibiri moja ya mtu mzima. Lakini usipime kwa shibiri yenyewe, maana shibiri za watu hazilingani, na hata mkono mmoja hupima vingine asubuhi na vingine usiku ukiwa umechoka. Vipande 30 vya kipimo hicho, vitano kwa upana na sita kwa urefu, vikishonwa kwa kuacha sentimita moja ya mshono kila upande, vitatoa nguo ya mita 1 kwa mita 1 na sentimita 20.

Sasa tuhesabu saa, kwa kuwa wengi hushindwa kwa kutohesabu. Katika kila mstari wa vipande vitano mna mishono minne. Mistari sita ina mishono 24. Mtu mwenye mkono wa kawaida, ashonaye kwa sindano, humaliza mshono mmoja kwa robo saa. Hizo ni saa 6. Kisha mistari sita huunganishwa kwa mishono mirefu mitano, kila mmoja saa nzima. Hizo ni saa 5. Ongeza saa 3 za kukata, saa 1 ya kupanga rangi, saa 2 za kutandika na kupiga bandi, saa 2 na nusu za vifundo, na saa 4 za pindo. Jumla yake hazifiki 24. Mwenye nafasi ya saa mbili kila jioni atamaliza kwa jioni 12. Katika siku 21 ondoa Jumapili tatu, ondoa siku mbili za kufua na kukausha nguo mwanzoni, na siku mbili za kufua na kukausha mfarishi mwishoni. Zimebaki siku 14. Mwaona kwamba kazi yaingia, lakini jioni za kupoteza ni mbili tu, basi.

Kuhusu nguo tuna mengi ya kusema. Kanga ndiyo nguo iliyo karibu nasi, na vipande vyake havikosekani; mafundi cherehani wa Ngamiani, na wa kila mji, hubakiwa na mapande wanayoyatupa au kuyauza kwa bei ndogo. Ukienda kuomba, nenda kwa adabu, amkia kwanza, ueleze kwamba ni kwa ajili ya mtoto mchanga. Mara nyingi utapewa zaidi ya ulichoomba. Chagua nguo ya pamba. Kanga nyingine siku hizi si pamba tupu, na macho peke yake hayawezi kutambua. Chomoa uzi mmoja uuwashe: wa pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu, lakini ule wa viwandani huyeyuka na kufanya shanga ngumu nyeusi. Usichanganye namna hizo mbili katika mfarishi mmoja, kwa sababu pamba hupungua ikifuliwa na ile nyingine haipungui, na mwisho wake ni mikunjo.

Kwa sababu hiyo hiyo fua nguo zote kabla ya kukata. Kanga mpya ina wanga, nayo hudanganya mkono. Ikifuliwa hulegea na kupungua. Tena nyekundu na nyeusi hutoa rangi. Wengine hutia chumvi majini na kuamini kwamba imetosha. Sisi twaona ni afadhali kufua mara ya pili na ya tatu, hata maji yawe safi, na ikiwa baada ya mara ya nne maji bado ni mekundu, weka nguo hiyo kando ukashone kitu kingine. Mfarishi wa mtoto utafuliwa kila juma, nao usiogeuza nguo zote za nyumba kuwa rangi ya waridi ndio mwema.

Na maneno ya kanga je? Hapa yahitajika akili. Kila kanga ina jina lake karibu na pindo, na majina mengine ni ya baraka, mengine ni mafumbo ya ugomvi wa wake wenza na majirani. Ukikata bila kusoma waweza kumfunika mtoto kwa tusi. Soma kwanza. Jina lililo jema likate zima, liwe upapi mrefu, ulishone penye ukingo wa juu ambapo mama ataliona. Lililo baya likate katikati ya maneno. Au, tuseme kweli, liache kabisa, kwa maana wako watu wenye macho makali ambao nusu ya fumbo yawatosha.

Watu husema viraka ni kazi ya Wazungu. Lakini kanga yenyewe, kama isimuliwavyo pwani, ilianza kwa kuunganisha. Katika karne ya 19 palikuwa na leso za kuchapwa zilizoletwa na wafanyabiashara, na neno lenyewe latokana na Kireno. Zilikuja katika jora bila kukatwa. Wanawake wa pwani, badala ya kununua leso moja moja, walinunua sita pamoja, wakazikata tatu tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu, ikawa nguo pana ya kujifunga. Baadaye wafanyabiashara waliona jambo hilo wakaagiza nguo iliyokwisha kuchapwa kwa upana ule. Basi mshonaji wa viraka wa leo hana haja ya kujiona mgeni katika kazi hii.

Kushona vipande yataka uvumilivu zaidi ya ustadi. Weka vipande viwili uso kwa uso, piga mstari wa chaki au kalamu ya risasi sentimita moja kutoka ukingoni, na ushone juu ya mstari huo. Uzi uwe mmoja, usiozidi urefu wa mkono, maana uzi mrefu hujifunga mafundo na wakati hupotea hapo. Kila baada ya hatua tatu au nne sindano irudi nyuma hatua moja, ili uzi ukikatika mahali mshono wote usifumuke. Vaa kastabini, hata kama waona ni kitu cha wazee. Jioni ya tatu utaelewa. Ukijichoma na damu ikatoka, ioshe mara moja kwa maji baridi, si ya moto.

Ukimaliza mstari, ulaze mishono kwa pasi: katika mstari wa kwanza ielekee kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia, na kuendelea. Ukiiunganisha mistari, mishono iliyolala mbali mbali itaingiliana kama meno, pembe zitakutana sawasawa, wala hapatakuwa na uvimbe. Jambo hili dogo huokoa saa nyingi za kufumua.

Lakini kwa nini mtu mmoja ashone peke yake? Sisi tuna msaragambo kwa shamba na kwa barabara. Waweza kuwako kwa sindano pia. Wanawake sita wakikutana alasiri moja, kila mmoja mstari wake, mishono yote 24 itakwisha kabla ya jua kutua. Ila pana hatari yake. Mmoja huacha sentimita moja, mwingine moja na nusu, na mistari sita itokayo kwa mikono sita hailingani urefu. Dawa yake ni kwamba mtu mmoja akate vipande vyote, na huyo huyo apige mistari yote ya chaki kabla ya kugawa. Wengine wafuate mstari tu. Na ile mishono mirefu mitano apewe mwenye mkono ulio imara kuliko wote, bila kuoneana haya. Waalimu wanaosoma somo hili katika mikutano ya akina mama wasisahau kuwaambia na wanaume, maana tarizi za kanzu na kofia pwani hutoka mikononi mwa wanaume pia, nao wajua sindano.

Cherehani nayo? Ikiwako, itumieni kwa mishono mirefu na kwa pindo. Hatuoni kwamba zawadi hupungua wema kwa sababu ya gurudumu.

Sasa tabaka la katikati. Mtu wa Tanga mawazo yake huenda mara moja kwenye sufi, kwa kuwa msufi twauona kila mahali, na mashamba yake yalipandwa tangu wakati wa Wadachi. Magodoro na mito yetu mingi ilijazwa sufi. Lakini kwa mfarishi haifai. Nyuzi zake ni fupi na laini mno, hazishikani; ukifua hukusanyika pembeni kama mafundo, na katikati hubaki nguo tupu. Tena vumbi lake huruka, na pua ya mtoto mchanga si mahali pake. Pamba iliyochambuliwa ni njema kuliko sufi, ila yahitaji kushikwa kwa uzi karibu karibu, upana wa kiganja na si zaidi, nasi hatuna wakati huo. Kilicho bora kwa mwenye siku 21 ni blanketi jepesi kuukuu, lililofuliwa vizuri, lisilo na matundu makubwa. Halihami, hukauka upesi, na huenda limo tayari sandukuni mwako.

Bitana iwe merikani iliyofuliwa au shuka laini isiyochakaa, nayo izidi sentimita 5 kila upande. Itandaze juu ya mkeka sakafuni, uso chini, uinyoshe bila kuivuta. Juu yake weka blanketi, kisha viraka, uso juu. Piga bandi kwa hatua kubwa kutoka katikati kwenda nje, kama mionzi ya jua. Ukianza pembeni utasukuma nguo yote ije kati, na hapo pataota kilima.

Njia ya zamani ya kushika matabaka ni kudarizi, yaani kupitisha uzi kwa hatua ndogo nguo nzima, mistari na maua. Ni kazi nzuri mno, nayo hula miezi. Huko Liberia palikuwa na mama mmoja, Martha Ann Ricks, aliyezaliwa utumwani Tennessee katika Marekani na kuhamia Liberia mwaka 1830 angali msichana. Alitamani kumwona Malkia Victoria wa Uingereza, akaweka akiba ya fedha kwa miaka kama 50. Mwaka 1892 alifika Windsor akampa Malkia mfarishi alioushona kwa mkono wake, wenye picha ya mti wa kahawa, na majani yake ya kijani yalikuwa mamia. Sisi hatuna miaka 50, na mtoto hana haja ya majani mamia.

Iko njia nyingine, nayo twaweza kujifunza kwa ndugu zetu Walutheri wa Marekani. Mwaka 1945, vita ya pili ya dunia ilipokwisha, waliunda chama cha Lutheran World Relief kuwasaidia walioharibikiwa katika Ulaya. Mpaka leo akina mama wa sharika nyingi hukutana kushona mifarishi kwa ajili ya chama hicho, ya upana wa kama mita 1 na nusu na urefu wa mita 2, nayo imepelekwa nchi nyingi kwa wakimbizi na wenye shida, na Tanzania imo. Kwa kuwa hushona maelfu kwa maelfu, hawadarizi bali mara nyingi hufunga vifundo. Kilicho chepesi kwa mtu ashonaye elfu ni chepesi pia kwa mwenye haraka.

Namna yake ni hii. Chukua uzi mnene wa pamba wa kufumia, si wa katani, ambao ni mgumu na hukata nguo. Penye kila pembe ambapo vipande vinne hukutana, na katikati ya kila kipande, pitisha sindano chini kupitia matabaka yote matatu, uirudishe juu kando kidogo, upana wa punje ya mchele. Funga mkono wa kulia juu ya wa kushoto, kisha wa kushoto juu ya wa kulia. Ukifunga kulia mara zote mbili, fundo litateleza wiki ya kwanza. Kwa kipimo chetu pembe za kukutana ni 20 na vipande ni 30, basi vifundo ni 50. Ncha zikatwe ziwe kama sentimita moja, zote ziwe upande wa viraka, ili upande wa bitana uwe laini kwa ngozi ya mtoto. Kisha vuta kila kifundo kwa nguvu. Kitakachofunguka mkononi mwako kingefunguka kinywani mwa mtoto.

Pindo ni la mwisho. Ile bitana iliyozidi ikunje mara moja ikutane na ukingo wa viraka, ikunje tena ipande juu yake, uishone pole pole kwa hatua ndogo. Pembeni kunja ncha kwanza kama bahasha.

Na kama siku zimebaki 10 si 21? Usipunguze kufua, wala pindo, wala vifundo. Kuza vipande. Ukikata vya sentimita 32, vitatu kwa upana na vinne kwa urefu, utapata nguo ya sentimita 90 kwa mita 1 na sentimita 20, na urefu wa mishono yako yote utakuwa kama nusu ya ule wa kwanza. Jina la mtoto la kutarizi waweza kuliacha. Litatiwa hata akiwa na mwaka mmoja. Tumeona watu walioanza na jina, wakalipamba kwa maua siku saba, na siku ya arobaini wakaenda na jina bila mfarishi.

Angalieni majira pia. Wakati wa masika, Aprili na Mei hasa, mfarishi uliofuliwa Jumatatu waweza kuwa bado na unyevu Alhamisi, na ukikunjwa hivyo hupata ukungu na harufu mbaya. Basi katika miezi hiyo fua siku nne kabla, si mbili, uuanike chini ya upenu mahali penye upepo na kuugeuza mara nyingi. Wakati wa kusi hukauka vizuri zaidi.

Siku ya kuupeleka mwambie mama, au yule anayemtunza, maneno matatu yaliyo ya lazima: ufuliwe kwa maji yasiyo ya moto sana, usikamuliwe kwa kusokota, na mtoto alalapo peke yake usifike usoni pake wala usilazwe chini ya kichwa chake. Mwachie na uzi ule wa vifundo, kipande cha mkono mmoja, umezungushwa kwenye karatasi na sindano yake, akifungua kifundo aweze kukifunga mwenyewe.